Uzi Unaotosha

Muulize fundi wa kufuma wa Kimara blanketi la kitanda ni shilingi ngapi. Hatataja bei, atakuuliza na yeye.

"Kitanda chako futi ngapi, mwanangu?"

"Tano kwa sita, mama."

"Na unataka lining'inie, au liishie juu ya godoro?"

Wateja wengi hukwama hapo, maana hawakuwa wamefikiria. Lakini swali hilo la pili ndilo lenye fedha. Kitanda cha tano kwa sita kina futi 30 za mraba. Blanketi likishuka futi moja kila ubavu na futi moja miguuni, linakuwa saba kwa saba, yaani futi 49 za mraba. Mteja anaona ameomba futi moja tu pembeni, kumbe uzi umepanda kwa zaidi ya nusu. Fundi anaijua tofauti hiyo kabla hujamaliza kujibu, ndiyo maana hakimbilii bei.

Nataka kuisifu hesabu hiyo. Kazi ya kroshia husifiwa kwa maua yake na kwa subira ya anayeifuma. Watu hushika kitambaa cha kochi, wakakigeuza nyuma na mbele, wakasema mikono hii ina baraka. Ni kweli ina baraka. Lakini kabla ya ua la kwanza kuna mtu aliyekaa akaliona blanketi zima ambalo halijakuwapo, akalipima, akajua litakula uzi kiasi gani, kisha akatoa fedha yake akiamini alichokiona. Sehemu hiyo ya kazi haionekani kwenye kitanda, na kwangu ndiyo ngumu na ndiyo nzuri kuliko zote.

Mtu asiyeijua Kimara anaweza kuuliza blanketi la nini Dar es Salaam. Kimara imekaa juu ya vilima, na kipupwe cha Juni hadi Agosti kinapovuma alfajiri, shuka peke yake halitoshi kwa mtoto mchanga wala kwa mzee. Tena mablanketi mengi yanayofumwa hapa hayalali hapa. Desemba ikifika, yanakunjwa na kupakiwa kwenye mabasi ya Mbezi kwenda Rombo, Marangu, Lushoto, Njombe na Makete, kwa mama na bibi wanaojua baridi ni nini. Mengine hutolewa kwa bibi harusi, yatandikwe siku wageni wanapokuja kuona chumba. Blanketi la namna hiyo huombwa mapema na lina siku yake. Haliwezi kuchelewa kwa sababu uzi umeisha.

Na uzi haupatikani mtaani. Maduka ya Kimara Mwisho, Korogwe na Temboni yana uzi kidogo wa kushonea, pengine na madonge machache ya sufi yenye rangi za sare za shule. Anayetaka kuchagua hupanda mwendokasi, ambayo tangu Mei 2016 hushuka Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi mjini, akateremkia Kariakoo. Njiani anapita Urafiki, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, ambako pamba ya nchi hii ilisokotwa nyuzi na kufumwa khanga na vitenge. Sufi anayoifuata Kariakoo, hata hivyo, kwa sehemu kubwa si pamba wala si manyoya ya kondoo. Ni akriliki, uzi wa kiwandani uliotoka nje ya nchi, mwepesi, usioliwa na nondo, na bei yake inavumilika.

Uzi huo una tabia moja inayoitawala hesabu yote. Kiwandani hutiwa rangi kwa mikupuo. Mkupuo wa leo na mkupuo wa mwezi ujao inaweza kuitwa bluu ileile, karatasi ileile ikazungushiwa donge, lakini ukiiweka bega kwa bega kwenye mwanga wa jua mmoja umekolea na mwingine umepauka. Ndiyo maana karatasi nyingi za uzi hubeba namba ya mkupuo pembeni ya namba ya rangi. Fundi anayejua kazi husoma zote mbili, tena huchungulia donge hadi donge kwenye mfuko, kwa sababu muuzaji anaweza kuwa amechanganya bila kujua. Uzi ukipungua katikati ya kazi, ukarudi Kariakoo na mkupuo ule umekwisha, mstari utaonekana kwenye blanketi maisha yake yote. Hakuna kufua kutakakouondoa.

Basi uzi wote lazima ununuliwe siku moja. Ukinunua pungufu, kazi imeharibika. Ukinunua kupita kiasi, mtaji umelala ndani ya mfuko chini ya kitanda, na kwa mwanamke anayefuma ili alishe nyumba, madonge manne ya ziada ni nauli na ni unga. Kati ya hasara hizo mbili kuna njia nyembamba, na fundi huipita kwa kipande kidogo cha inchi sita kwa sita.

Kipande hicho hufumwa kwa uzi uleule, kroshia ileile na mshono uleule utakaotumika, kisha kinapimwa uzito. Tuseme kimekuja gramu 12. Inchi sita kwa sita ni robo ya futi ya mraba, kwa hiyo futi moja ya mraba itakula gramu 48. Futi 49 zitakula gramu 2,352. Donge likiwa la gramu 50, hayo ni madonge 47 na chembe. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya pindo, mikia ya uzi na yasiyotarajiwa, unafika kwenye madonge 52. Yaandike. Usinunue 50 eti kwa sababu ni namba iliyokaa vizuri mdomoni.

Ugumu uko kwenye mizani. Ile ya duka la Mangi imezoea kilo na nusu kilo za sukari, na haikutengenezwa kutofautisha gramu 12 na 13. Lakini gramu moja kwenye kipande kile ni gramu nne kwenye futi, na gramu 196 kwenye blanketi zima, karibu madonge manne. Kosa dogo lililozidishwa mara 196 si dogo tena. Wenye akili hufuma vipande vinne au zaidi, wakavipima kwa pamoja kisha wakagawa, na vipande vyenyewe havipotei, vinaingia kwenye blanketi. Wengine hupita kwa sonara. Mizani ya dhahabu hupima sehemu za gramu, na nijuavyo mimi sonara hamfukuzi mtu aliyekuja na kipande cha sufi mkononi na adabu mdomoni.

Mteja wa kileo huja na picha kwenye simu, na chini ya picha kumeandikwa uzi unaohitajika. Fundi huiangalia kwa heshima, kisha huiweka kando. Namba ile ni ya mkono wa mtu mwingine. Kuna mkono wa kubana, unaovuta uzi mpaka matundu yanakuwa magumu kuingiza kroshia, na kuna mkono wa kulegeza, unaoacha kitambaa kikipumua. Wafumaji wawili wakipewa uzi mmoja, kroshia moja na ua moja, mmoja atamaliza uzi akiwa na kitambaa kipana na mwenzake akiwa na kitambaa kizito. Wala hakuna aliyekosea. Badilisha kroshia ya milimita nne kwa ya milimita sita, hesabu imebadilika. Badilisha mshono mfupi uliobanana uweke nguzo ndefu, imebadilika tena, kwa sababu nguzo hufunika eneo kubwa kwa uzi mchache. Maua ya kuvimba, yale yanayokusanya nguzo tano au sita kwenye tundu moja, hula uzi kwa pupa.

Hata aina ya uzi ina sauti yake. Pamba ni nzito kuliko akriliki karibu kwa theluthi moja kwa unene uleule, hivyo gramu 100 za pamba ni fupi kuliko gramu 100 za akriliki. Anayehamisha hesabu kutoka akriliki kwenda pamba kwa gramu atapungukiwa. Ahamishe kwa mita.

Hapa ndipo ninapoiona heshima ya kazi hii. Sweta za shule hufumwa kwa mashine, na mwenye mashine anaweza kuandika ukutani sweta ya darasa la kwanza inachukua gramu ngapi, namba hiyo ikabaki kweli kwa kila atakayekaa kwenye mashine ile. Kroshia haina ukuta wa namna hiyo. Vitambaa vya kroshia tunavyoviona sokoni, hata vilivyotoka mbali, vimepita tundu kwa tundu kwenye vidole vya mtu. Kwa hiyo hesabu ya uzi lazima iwe na mkono ndani yake, na anayeijua ni mwenye mkono huo peke yake. Kumwambia fundi wa kroshia kwamba anakisia ni kumkosea. Anapima, ila kipimo kimojawapo ni yeye mwenyewe.

Tena mizani ikikosekana, mwili mzima hugeuka kipimo. Wazee wa pwani walipima nguo na kamba kwa shubiri, dhiraa na pima, na pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, bado inafanya kazi sebuleni Kimara. Fundi hunyoosha uzi pima kwa pima, kila baada ya pima kumi akafunga kifundo chepesi kinachofunguka kikivutwa. Halafu anafuma safu moja ya upana kamili na kuhesabu vifundo vilivyoliwa. Tuseme safu ya futi saba imekula pima 20. Kila safu ya nguzo ina kimo cha sentimita moja na nusu, basi blanketi lenye urefu wa sentimita 213 lina safu 142, na safu 142 ni pima 2,840. Mwanamke mwenye pima ya mita 1.65 amepata mita 4,686. Karatasi ya donge ikisema mita 100, ni madonge 47 kabla ya nyongeza. Kwa uzi na mkono uliotoa gramu 12 kule kwenye mizani, hapo ndipo hesabu inapopaswa kuangukia. Njia mbili zikikutana, mtu anaweza kupanda mwendokasi akiwa na amani. Zikipishana sana, afume tena kabla ya kutoa fedha.

Nimwongelee kwa ufupi na yule asiye na fedha ya madonge 52. Wapo wanaonunua sweta za mitumba Manzese au Karume na kuzifumua. Kazi hii nayo ina elimu yake. Geuza sweta ndani nje, tazama mshono wa ubavu. Ukiona vipande vimeunganishwa kwa uzi mmoja unaoweza kukatwa na kuvutwa, sweta itafumuka safu kwa safu na kukupa uzi mrefu. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa overloki, iache, kila safu itatoka kipande kifupi. Sweta hupimwa uzito kabla ya kununuliwa, na uzi wake hufuliwa na kuanikwa ukiwa na kitu kizito chini ili mikunjo inyooke. Kipande cha majaribio hufumwa baada ya hapo, kamwe si kabla, kwa sababu uzi uliojikunja hudanganya urefu.

Kuna umbo moja linalowapoteza hata wazoefu, nalo ni mviringo. Kitambaa cha meza au blanketi la mtoto linaloanzia kitovuni na kukua kwa kuzunguka huonekana kama safari yenye hatua sawa. Ukifika nusu ya njia kutoka kitovuni hadi ukingoni, macho yanakwambia nusu ya kazi imeisha. Umetumia robo ya uzi tu. Robo tatu bado ziko mbele yako, kwa sababu kila mzunguko ni mrefu kuliko uliotangulia. Na ile sehemu ya kumi ya mwisho, upana wa vidole vichache karibu na ukingo, hula karibu sehemu moja kwa tano ya uzi wote. Mraba mkubwa unaoanzia katikati una sheria hiyohiyo. Nimewaona wafumaji wakiwa na tabasamu la kukaribia kumaliza, na ukitazama mfuko wa uzi unajua hawajafika popote.

Pindo lenye mawimbi ni kali zaidi. Ukifuma mara mbili kwenye kila tundu, safu ya kwanza ya pindo ina matundu maradufu ya ukingo ilioushika, ya pili mara nne, ya tatu mara nane. Pindo la safu tatu, lisilozidi upana wa vidole vitatu, limekula uzi wa safu kumi na nne. Bibi aliyefuma vitambaa vya mawimbi kwa ajili ya kabati la vyombo aliijua sheria hiyo kwa mkoba wake. Mwaka 1997 Daina Taimina, mtaalamu wa hisabati kutoka Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alichukua kroshia akafuma umbo ambalo wanahisabati walikuwa wakihangaika kulionyesha kwa karatasi zilizochanika haraka: uso unaopanuka kwa uwiano uleule kila mahali, hata ukajikunja mawimbi. Alichofanya ni kuongeza matundu kwa utaratibu usiobadilika, safu baada ya safu. Wanafunzi waliweza kuushika uso huo, kuukunja, na kuona kwa macho jinsi mistari inavyoachana. Anayefuma pindo hapa Kimara ana kitu hichohicho kwenye mapaja yake. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kinaitwa hisabati.

Ila kati ya hesabu zote ninazozijua katika ufundi huu, inayonivutia zaidi ni ile isiyohitaji namba hata moja. Mtu amepewa mfuko wa uzi. Hajui ni mita ngapi, karatasi zimepotea, mkupuo hautapatikana tena, na anataka blanketi la mraba kubwa kuliko yote ambayo uzi ule unaweza kutoa. Anaanzia kona. Kila safu inakwenda mshazari na kuizidi iliyotangulia kwa hatua moja, hivyo pembetatu inakua mikononi. Uzi anaugawa mapema mafungu mawili yenye uzito sawa, na hapo mizani yoyote inafaa, hata kijiti kilichoning'inizwa katikati kwa kamba, mfuko huku na mfuko kule. Fungu la kwanza linapokaribia kuisha, huacha kuongeza na kuanza kupunguza hatua moja kila safu. Pembetatu ya pili ni sawa na ya kwanza, kwa hiyo fungu la pili litaifikisha kona ya mwisho. Anachopaswa kukumbuka ni kutenga uzi wa pindo kabla ya kugawa, na kugeuka mapema kidogo, maana safu ndefu kuliko zote iko palepale katikati. Hakuna aliyegawa wala kuzidisha namba, na blanketi limetoka mraba, limetoka kamili, na mfuko ni mtupu.

Blanketi la vipande linadai uangalifu wa aina nyingine, nao ni wa mikia. Saba kwa saba kwa vipande vya inchi sita ni vipande 14 kwa 14, jumla 196. Kila kipande kikiwa na rangi nne, kila rangi ina mkia wa kuanzia na mkia wa kumalizia. Mikia minane ya sentimita 12 ni karibu mita moja kwa kipande, karibu mita 190 kwa blanketi. Ni takriban madonge mawili yanayoishia kufichwa nyuma ya kazi, na bado hujaunganisha kipande na kipande. Anayetoza bei ya blanketi la vipande sawa na blanketi la safu anajipunja.

Na kujipunja ni jambo la kila siku katika kazi hii. Mteja akileta nusu ya bei mkononi, fedha hiyo kwa kawaida ndiyo inayokwenda Kariakoo. Hesabu ikiwa pungufu, tofauti haitoki kwa mteja, inatoka kwenye ujira wa fundi, ambao tayari ni mdogo ukiugawa kwa saa alizokaa. Ningependa kila anayefuma kwa biashara awe na daftari lenye vipande vyake vya majaribio vilivyoshonwa kwenye kurasa, na pembeni uzito, kroshia, mshono, aina ya uzi na idadi ya madonge yaliyotumika kweli, si yaliyokadiriwa. Baada ya mablanketi kadhaa, daftari hilo linamfaa kuliko picha yoyote ya simu. Linamjua. Anaweza kumwonyesha mteja anayebishana, ukurasa kwa ukurasa, bila kupandisha sauti.

"Mwanangu, hili lilikula madonge 52. La kwako lina shuko kubwa zaidi. Hesabu mwenyewe."

"Basi mama, nimekuelewa."

Hesabu ikienda sawa hubaki donge moja, au moja na kidogo. Si hasara, ndivyo ilivyopangwa kwenye ile sehemu ya kumi. Wapo wanaolitia kwenye kofia ya mtoto, nami siwalaumu. Lakini mafundi ninaowaheshimu zaidi hulifunga kwenye mfuko mdogo wakampa mteja pamoja na blanketi lake, wakamwagiza asilitupe. Siku moja kucha ya mtoto au ukingo wa kitanda utakata tundu, na mtu atakayeletewa blanketi hilo alitengeneze atahitaji mita chache za mkupuo uleule, ambao Kariakoo itakuwa imeshausahau.